Ushuhuda Juu ya Mtu Aliyeanguka

“Mchungaji, huyu ni wa maombi au wa hospitali?”

Sisi tunaohudumu katika sharika na mitaa ya pwani ya kusini tunaulizwa swali hili mara nyingi kuliko maswali yote tuliyojiandaa kuyajibu chuoni. Tunaulizwa tukiwa tumesimama, mtu amelala chini mbele yetu, povu linamtoka mdomoni, mikono na miguu inatupwa huku na huku. Anayeuliza hataki mhadhara. Anataka neno moja, na neno hilo akilipata atalifanyia kazi siku hiyo hiyo. Atampakia mgonjwa kwenye bodaboda kuelekea zahanati, au atamfungia ndani siku saba za kufunga na kuomba, au atarudi nyumbani na kuanza kumtazama shangazi yake kwa jicho jingine.

Hilo la tatu ndilo lililotufanya tuandike. Amri ya nane, kwa hesabu ya Katekisimu yetu, inakataza kumshuhudia jirani uongo. Tumezoea kuihubiri amri hiyo tukizungumzia mahakama na umbeya wa kisimani. Lakini mtu anaposema “huyu amerogwa”, au “ana pepo”, au “haya ni malipo ya dhambi za baba yake”, naye anatoa ushuhuda. Anadai amekijua chanzo cha mateso ya mwenzake, na mara nyingi ndani ya chanzo hicho kuna jina la mtu. Je, amekiona? Tunaposimama juu ya mtu aliyeanguka, ni kitu gani tunaweza kusema kwamba tumekiona, na ni kitu gani tunakisia tu?

Kwa msomaji asiyeifahamu Delta ya Rufiji, ni vema aelewe kwanza habari ya maji. Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa unafika Kibiti baada ya zaidi ya kilomita 100. Kutoka hapo unashuka Nyamisati, na mbele ya Nyamisati ni vyombo vya majini. Mto Rufiji hugawanyika katika matawi mengi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi mkabala na Mafia, na katikati ya matawi hayo umesimama msitu wa mikoko ambao Afrika Mashariki haina mwingine mkubwa kama huo. Watu wanalima mpunga pale maji baridi yanapofika, wanavua kamba na samaki pale chumvi inapotawala, na mtumbwi kwao ni kama baiskeli kwa watu wa bara. Mtu akiangukia barabarani huinuka na vumbi na pengine jeraha. Akiangukia kutoka kwenye mtumbwi wakati maji yanapwa kwa kasi, mara nyingi hainuki. Na aliye nyumbani ana mafiga matatu na moto. Kifafa chenyewe si lazima kiue. Maji na moto humaliza kazi.

Majirani zetu wengi huko ni Waislamu, na katika jambo hili, tuseme ukweli, hatutofautiani nao sana. Wao husema jini, sisi husema pepo, na usiku tunaweza kukutana kwenye mlango wa mganga mmoja. Kwa watoto wadogo kuna jina jingine, degedege, na wazee wetu wa pwani wamelihusisha na ndege mkubwa wa kishetani anayempitia mtoto. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 walieleza jinsi wazazi walivyompeleka mtoto mwenye degedege kwa mganga kwanza, na jinsi sindano ilivyoogopwa katika hali hiyo. Wakati huo mtoto alikuwa na malaria iliyopanda kichwani, na kila saa ilikuwa na thamani. Wazazi wale waliwapenda watoto wao kama sisi tunavyowapenda wetu. Walifanya haraka kabisa kile walichoambiwa na watu waliowaamini. Kosa lilikuwa katika ushuhuda waliopewa.

Basi tutazame kinachoweza kuonekana, na tuanze na ngisi, ambaye wavuvi wa Kibiti na Mafia wanamjua vizuri.

Ngisi akishtuka huruka nyuma ghafla kwa kurusha maji. Kazi hiyo ya haraka inasimamiwa na nyuzi za neva zilizo nene ajabu. Ulio mkubwa kabisa unaweza kukaribia unene wa milimita 1, wakati nyuzi zetu wanadamu ni nyembamba kuliko unywele. Kwa sababu ya unene huo, wanasayansi wawili Waingereza, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliweza mwaka 1939 huko Plymouth kuingiza waya mwembamba ndani ya uzi wa neva wa ngisi na kupima umeme wake kutoka ndani. Vita ikawakatiza. Walirudi kwenye kazi yao baada ya vita, wakachapisha maelezo kamili mwaka 1952, na mwaka 1963 walipewa Tuzo ya Nobel.

Walichokieleza ni hiki. Kila seli ya neva imezungukwa na utando mwembamba sana. Nje ya utando kuna maji yenye chumvi ya sodiamu kwa wingi, kama bahari iliyozimuliwa. Ndani kuna potasiamu kwa wingi. Chembe za chumvi hizi hubeba chaji ya umeme, na mgawanyo wao huufanya upande wa ndani uwe hasi ukilinganishwa na nje, kwa kiasi cha volti 0.07 hivi. Tofauti hiyo hailindwi bure. Katika utando mna pampu zinazofanya kazi mchana na usiku, na kila mzunguko hutoa nje chembe 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu. Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu moja ya tano ya nguvu yote mwili unayotumia ukiwa umepumzika, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo inakwenda kwenye kusukuma chumvi. Mkulima wa Delta anayejenga tuta kila msimu ili maji ya chumvi yasiingie kwenye mpunga wake ataielewa kazi hii kuliko sisi tuliokulia bara.

Sasa, katika utando huohuo mna milango. Seli ikiguswa vya kutosha, milango ya sodiamu hufunguka, chumvi ya nje huingia kwa kasi, na kwa muda wa kama elfu moja ya sekunde upande wa ndani hugeuka kuwa chanya. Kisha milango hiyo hujifunga, ya potasiamu hufunguka, na hali ya kwanza hurudi. Lakini mgeuko ule umeigusa sehemu ya jirani ya utando, nayo milango yake imefunguka, nayo imeigusa inayofuata. Ndivyo ishara inavyotembea, kama moto unavyokwenda kwenye paa la makuti, kuti moja likiliwasha jingine. Tofauti ni kwamba makuti yakishaungua yamekwisha, wakati neva hujirudisha mara moja na kuwa tayari kuwaka tena, pengine mara mia kwa sekunde. Katika nyuzi zetu zenye kasi kubwa ishara hiyo hukimbia hata mita 100 kwa sekunde.

Ikifika mwisho wa uzi, mara nyingi umeme huishia hapo. Seli hutoa kemikali kidogo inayovuka upenyo na kuigusa seli nyingine. Kemikali nyingine huamsha, nyingine hutuliza. Hili la kutuliza watu hulisahau, lakini ndilo tunaloomba msomaji alishike. Katika kichwa chenye seli za neva zinazokadiriwa kuwa bilioni 86, nusu ya hekima iko katika kunyamaza. Kwaya ambayo kila mmoja anaimba anapojisikia haina wimbo. Kifafa ni pale utulivu huo unaposhindwa katika sehemu fulani ya ubongo, au ubongo wote, na maelfu kwa maelfu ya seli zikapiga pamoja kwa nguvu bila kusubiri zamu. Zikiwa zile zinazotawala mkono, mkono hutupwa. Zikiwa zile za fahamu, fahamu huondoka. Dhoruba ikipita, mtu huamka amechoka, hajui kilichotokea, na mara nyingi ana aibu.

Je, dhoruba hiyo inaweza kuonekana? Inaweza, na historia ya jinsi ilivyoonekana ina fundisho kwa watu wa dini.

Hans Berger alikuwa daktari wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena, Ujerumani. Akiwa kijana katika mafunzo ya jeshi alianguka kutoka kwenye farasi na kuponea chupuchupu kupondwa na gari la mzinga. Siku hiyohiyo baba yake alimpelekea simu ya maandishi kumuuliza hali, kwa sababu dada yake alikuwa ameingiwa na hofu kwamba kaka yake yuko hatarini. Berger aliamini kwamba fikra yake mwenyewe, katika saa ya hofu, ilimfikia dada. Akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kuitafuta nguvu hiyo ya nafsi ndani ya kichwa. Mwaka 1924 alifaulu kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu, na mwaka 1929 akachapisha. Alikuta mawimbi madogo, yapata 10 kwa sekunde, yanayotokea mtu akifumba macho na kutulia, na kupotea akifumbua. Siku hizi kipimo hicho huitwa kwa herufi tatu, EEG. Vidude vidogo vya chuma hubandikwa kwenye ngozi ya kichwa kwa dawa ya mafuta, bila sindano wala maumivu, na mashine huchora mistari.

Nguvu inayopimwa ni ndogo sana, makumi ya milioni moja ya volti. Betri moja ya redio ina nguvu kama mara 30,000 zaidi. Tena mashine haisikii seli moja moja. Ni kama mtu aliyesimama nje ya kanisa. Akisikia wimbo atajua watu wanaimba pamoja, na mapigo ya wimbo atayahesabu, lakini mama anayemnong’oneza jirani yake kwenye benchi la nyuma hatamsikia. Mwaka 1935 madaktari wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba watoto wanaopotewa na fahamu kwa sekunde chache, macho yakiwa wazi, huwa na mawimbi makali ya namna yake, 3 kwa kila sekunde. Mtoto wa namna hii haanguki wala hatoi povu. Anakodoa macho tu, kisha anaendelea na kazi yake kama vile hakuna kilichotokea. Fikirini ni wangapi wamechapwa viboko darasani, na katika mafundisho yetu ya kipaimara pia, kwa kosa la kutosikiliza.

Berger alitafuta nafsi akapata mawimbi. Wapo wanaosema basi jambo limekwisha, nafsi haipo, kuna umeme na chumvi tu. Vijana wetu waliosoma sayansi wanatuletea hoja hii, na hatuoni sababu ya kuwafukuza. Hata hivyo, mita ya LUKU iliyo ukutani inahesabu uniti zako zote bila kukosea. Haijui kama usiku ule taa iliwaka ukisoma Zaburi au ukihesabu fedha za wizi. Haikupunjika kwa kutojua, maana haikutengenezwa ijue hilo. Sisi tunakiri katika kanuni ya kwanza ya imani kwamba Mungu ametuumba mwili na roho, viungo na akili. Hatukuwahi kukiri kwamba aliumba roho na kuuacha mwili ujitengeneze wenyewe. Milango ya sodiamu ni kazi ya mikono yake kama malaika walivyo kazi yake. Anayeogopa kwamba maelezo ya neva yatamfukuza Mungu kichwani, pengine alikuwa amempa Mungu chumba kidogo mno tangu mwanzo.

Lakini hoja nzito zaidi inatoka upande wa pili, kwa ndugu wanaotuambia kwamba Maandiko yenyewe yanasema ni pepo. Wanafungua Marko sura ya 9, habari ya kijana anayetupwa motoni na majini, anayetokwa povu na kukauka. Hatuwezi kuipita habari hiyo haraka. Iko pale, na dalili zake mtu yeyote aliyewahi kukaa na mgonjwa wa kifafa atazitambua.

Tunaomba ndugu hao wasome pamoja nasi mambo matatu. Kwanza, Mathayo katika sura ya 4 anawataja waliopagawa na pepo na wenye kifafa mmoja baada ya mwingine, kama makundi mawili kati ya wagonjwa walioletwa. Neno la Kiyunani analolitumia kwa kifafa linatokana na mwezi, maana watu wa zamani walidhani mwezi ndio unaowaangusha. Mwandishi aliyeamini kwamba pepo wapo aliona pia kwamba si kila anayeanguka ana pepo. Pili, katika Yohana 9 wanafunzi wanamwona kipofu na swali lao la kwanza ni nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana anakataa swali lenyewe. Tatu, na hili mara nyingi tunalisoma bila kulisikia, katika Marko 9 Yesu kabla ya kufanya lolote anamuuliza baba ni tangu lini hali hii imempata mwanawe. Baba anajibu kwamba ni tangu utoto, kisha anaeleza alichokiona, moto na maji. Yesu anachukua maelezo ya mgonjwa. Hamuulizi baba anamshuku nani.

Kwa hiyo hatusemi kwamba tumefuta uovu wa kiroho ulimwenguni. Tunasema kwamba anayetamka neno “pepo” juu ya mtu fulani, kwa jina, mbele ya watu, amechukua mzigo wa ushahidi ambao kwa kawaida hawezi kuubeba. Luther mwenyewe aliona mkono wa shetani katika magonjwa mengi, zaidi kuliko sisi tungethubutu. Hata hivyo tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527 aliandika kwamba Mungu ameumba dawa na ametupa akili ya kuutunza mwili, na kwamba asiyetumia dawa kwa madai ya kumtegemea Mungu anamjaribu Mungu. Aliomba na akafukiza nyumba. Hakuona mgongano.

Mto wetu unajua jambo hili tangu zamani. Maji ya Rufiji yanatokana na Kilombero na Luwegu, na kati ya mito hiyo iko milima ya Mahenge. Huko ndiko daktari kijana kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alikofika mwishoni mwa miaka ya 1950 na kukuta watu wengi mno wenye kifafa. Walikuwa wakiishi pembeni ya vijiji, wengine katika vibanda vya peke yao, wengi wakiwa na makovu ya moto. Iliaminika kwamba mate yao yanaambukiza, hivyo mtu akianguka motoni watu walisita kumgusa. Mama huyo alianzisha kliniki katika mazingira ya misheni ya Kikatoliki na kuwapa vidonge, hasa fenobabitali. Wengi dhoruba zikapungua au zikakoma. Miaka mingi baadaye watafiti, Watanzania wakiwemo, wameonyesha kwamba wingi wa kifafa katika vijiji vile unahusiana na ugonjwa wa usubi, unaoletwa na inzi wadogo wanaozaliana kwenye maji ya kasi. Inzi na minyoo yake. Tuhesabu, kama tunaweza, ni bibi wangapi walishukiwa kwa miaka yote ile kwa kazi ya inzi.

Upande wetu, wenzetu wa hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Mbulu, wamekuwa na kliniki ya kifafa kwa miaka mingi, na huko chanzo kimojawapo kimeonekana kuwa viluwiluwi vya tegu wa nguruwe vinavyofika ubongoni, vinavyotoka katika mayai ambayo mtu huyameza kwa chakula au maji machafu. Choo na kunawa mikono. Kwingine ni mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria kali, pigo la kichwa la ajali ya bodaboda. Kwa wengine chanzo hakijulikani, na daktari mwaminifu husema hivyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangegunduliwa na kutibiwa ipasavyo. Fenobabitali imejulikana kutuliza kifafa tangu mwaka 1912, na ni miongoni mwa dawa za bei ndogo kabisa. Inafanya kazi kwa kuipa nguvu ile sauti ya kutuliza tuliyoitaja.

Sasa tunalazimika kusema jambo lisilopendeza. Wapo wahubiri, wa madhehebu mbalimbali, wanaomwekea mgonjwa mikono kisha wanamwambia atupe vidonge kama ushuhuda wa imani yake. Ubongo uliozoea dawa hiyo ukinyimwa ghafla unaweza kulipuka katika mshtuko usiokoma, na mshtuko wa namna hiyo unaua. Anayetoa agizo hilo hatakuwepo usiku wa tatu, ataondoka na spika zake. Tunaombea wagonjwa, tunawapaka mafuta kama Yakobo alivyoagiza, na hatuoni haya kufanya hivyo. Lakini mfuko wa dawa wa mgonjwa si mali ya mwombaji. Asiuguse.

Na lipo jingine, la ndani ya nyumba yetu wenyewe. Katika baadhi ya mitaa mtu anayejulikana kuwa na kifafa anapokwenda mezani kwa Bwana, watu husubiri waone amekaa wapi, nao wakae mbele yake ili kikombe kiwafikie kabla yake. Wengine huinuka na kurudi kwenye benchi. Hakuna anayesema neno, lakini kila mtu ameelewa, na yeye ameelewa kuliko wote. Mate hayaambukizi kifafa, wala povu halikiambukizi. Tumekwisha kueleza kinachotokea: ni milango ya utando wa seli na kemikali za kutuliza, vitu ambavyo havivuki kutoka mdomo hadi mdomo. Kurudi kwenye benchi ni ushuhuda wa uongo usiotamkwa, unaotolewa mahali palepale tunapopokea msamaha. Wazee wa kanisa wanaweza kulishughulikia hili bila kuunda kamati. Mzee mmoja anayeheshimiwa akae kila mara upande wa pili wa mgonjwa huyo, apokee kikombe baada yake. Itatosha.

Turudi kwenye vipimo, maana hapa ndipo tulipojifunza kitu tusichokitarajia. Sisi wa vijijini tunadhani kwamba tukifikisha mgonjwa kwenye hospitali kubwa Dar es Salaam, mashine itasema yote. Si hivyo. Mtu mwenye kifafa anaweza kupimwa EEG wakati ametulia na karatasi ikaonyesha mawimbi ya kawaida, kwa sababu dhoruba haipo saa ile. Na yapo mawimbi yasiyo ya kawaida kwa watu ambao hawajaanguka hata siku moja. Madaktari wanatuambia kwamba nguzo ya kwanza ya kukitambua kifafa bado ni maelezo ya aliyeona. Mgonjwa mwenyewe hawezi kuyatoa, fahamu zilikuwa zimeondoka. Lazima awepo jirani aliyesimama, akatazama, na akakumbuka bila kuongeza.

Basi hayo ndiyo tunayofundisha sasa katika vikundi vya akina mama na vya vijana, kando ya somo la Biblia. Mtu akianguka, ondoa jiko na kisu karibu naye, umtoe kwenye maji. Akitulia mgeuze alale ubavu ili mate yatoke. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimkandamize. Tazama saa. Ikipita dakika 5 bila kukoma, tafuta chombo cha kumpeleka kwa mganga wa serikali, si vinginevyo. Na muda wote huo tazama: alipiga kelele kabla? Macho yalielekea wapi? Kiungo gani kilianza? Aliuma ulimi? Alijikojolea? Baadaye alijua yuko wapi?

Mama mmoja wa visiwani alimleta mwanawe wa miaka tisa kwenye kituo cha afya, baada ya safari ya mtumbwi na kisha pikipiki. Alikuwa amekwisha kuambiwa na watu watatu nani amemroga mtoto, na majina yote matatu yalikuwa tofauti. Tabibu alimuuliza ilianzaje, mama akalia, hakuwa akitazama, alikuwa akipiga kasia. Aliyejibu ni mwenye mtumbwi, mzee wa Kiislamu aliyekuwa ameketi nje kivulini akisubiri nauli yake. Alisema: “Kidole gumba cha mkono wa kushoto kilianza kucheza, daktari. Nikadhani anacheza na maji. Kisha mkono wote, kisha uso upande huohuo, ndipo akaniangukia mapajani. Tulikuwa tumeupita mti wa mchu uliolala, na tulipofika kwenye bandari alikuwa ametulia. Si mwendo mrefu, kama kuvuta sigara nusu.”

Tabibu aliandika kila neno. Mkono wa kushoto hutawaliwa na upande wa kulia wa ubongo, na mtoto alipofika Dar es Salaam na karatasi ile, waliompima walijua ni upande gani wautazame kwanza.